Mtaro wa mtaa wenu unafurika kila masika? Anzeni kuuzibua kutoka mwisho wake

Nawaandikia watu wa Dar, hasa wa Kigogo, Mchikichini, Hananasif, Vingunguti na Tandale kwa mto Ng'ombe, maana masika yanaanza Machi na wengi wetu tunaukumbuka mtaro siku maji yameshaingia chumbani. Hii kazi inatakiwa ifanyike Januari na Februari jua likiwaka, tope limekauka na linabebeka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 hapa mjini na familia kibao zikahamishiwa Mabwepande, na toka hapo Jangwani mvua ikikaza tu barabara inafungwa na mwendokasi inasimama. Mto Msimbazi wenyewe ni kazi ya serikali na mradi wa bonde lake upo, ila mtaro wa mlangoni kwako haungoji mradi.

Kabla hamjashika chepe, ufuateni mtaro kwa miguu kuanzia kwenu mpaka unapoishia. Nendeni watu watatu wanne pamoja na mjumbe, mpige picha kila penye kalavati (lile bomba au daraja dogo la kupitisha maji chini ya barabara), kila mtu alipojenga ngazi juu ya mtaro, kila bomba la maji lililopita katikati na kukamata mifuko. Mtashangaa, mitaro mingi inaishia kwenye ukuta wa mtu, au inamwaga kwenye kalavati dogo kuliko mtaro wenyewe. Angalieni pia ramani za OpenStreetMap, vijana wa Ramani Huria tangu 2015 wamechora mitaro ya kata nyingi za Dar na zinafunguka bure kwenye simu.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea sana. Wanaanza kuzibua juu kwao kwa sababu ndipo wanapokaa, mtaro unang'aa, mvua inakuja, maji yote yanashuka kwa kasi mpaka penye kizibo huko chini na nyumba za pale zinazama. Anzeni chini, penye kutokea maji, ndo mpande kidogo kidogo kuelekea juu. Ina maana lazima mkubaliane na mtaa wa chini yenu kabla, mwenyekiti wa mtaa wenu aongee na mwenzake, la sivyo jasho lenu linakuwa msiba wa jirani.

Tope mkilitoa msiliache pembeni ya mtaro jamani! Naliona kila mwaka, watu wanajitolea kutwa nzima, lundo linakaa ukingoni wiki tatu, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Changeni hela ya guta au kirikuu kabla ya siku ya kazi, na kama gari haijapatikana ahirisheni kazi. Vaeni gambuti na glavu, kwenye tope kuna vioo, sindano na choo.

Mteremko upimeni kwa mpira wa fundi, ule mweupe unaojazwa maji. Mtaro wa zege unataka ushuke angalau sentimita 5 kila mita 10, chini ya hapo mchanga unatuama na mbu wanazaliana. Mkikuta sehemu imebonyea sakafu ichongwe upya hapo tu, sio lazima mtaro mzima. Mifuniko ifanyeni mifupi, nusu mita hivi, yenye vishikio vya nondo, watu wawili waweze kuinua, kwa sababu mtaro uliofunikwa zege moja refu haufunguliwi tena mpaka uzibe kabisa. Mbele ya kalavati wekeni wavu wa nondo uliolala kimshazari na mumteue mtu kwa jina wa kuusafisha kila mvua ikikatika, maana wavu usiposafishwa unageuka kuwa bwawa.

Nyumbani kwako napo kuna kazi. Mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita za mraba 60 ni lita 3,000, na hizo zote unazimwaga uchochoroni kwa mpigo. Weka gata na simtanki, hata pipa, maji ya kufulia umepata na mtaro umepumua. Uani usisakafie kote, acha sehemu ya udongo maji yanywewe. Ukinyanyua kiwanja kwa kifusi ujue maji yanahamia kwa wa chini yako, bora unyanyue kizingiti cha mlango. Na kutapisha choo wakati mvua inanyesha, hili nalisema kwa uchungu, muache kabisa, yale maji watoto wanayakanyaga na kipindupindu kinatokea hapohapo. Waliojenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni sheria ya mazingira ya 2004 haiwalindi, na mto wenyewe pia hauwalindi, kwa hiyo wao mpango wa kwanza uwe kuhama mapema utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ukitoka.

Salfeti za mchanga zijazwe nusu tu zilale vizuri, zipangwe kama tofali kwa kupishana, na nailoni upande wa maji. Maji yakikaribia soketi zima umeme kwenye meni swichi kabla hujaloana, kama yameshafika usiiguse, toka nje na upige 114.

Kalavati dogo mtaa hauwezi kulibadilisha, hilo ni la TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na kama liko chini ya barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Ila barua ya "tunaomba msaada" inalala kwenye faili. Mvua ya kwanza ikinyesha, ukiwa sehemu salama, piga picha kalavati likiwa limezidiwa, kesho yake pima kwa futi alama ya maji kwenye ukuta, andika tarehe na saa, ambatanisha muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini, pitisha kwa mtendaji na diwani na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri. Msimu wa bajeti ukikaribia mnarudi na ile kopi mkononi mnauliza imefikia wapi.