Kabla hujaapdeti draiva ya ufunguo wa leseni, zingatia haya

Ule ufunguo mdogo wa USB unaokuja na programu za uchoraji au za mashine, ambao usipochomekwa programu haifunguki kabisa, watu wengi tunaukumbuka siku umegoma. Na siku hiyo kazi imebana, mtu anapakua draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuutambua ufunguo) ya kwanza aliyokutana nayo anaiweka juu ya ile ya zamani, basi hapo ndo tatizo moja linakuwa matatu. Jamani tulieni kwanza.

Anza kwa kujua ufunguo wako katengeneza nani, maana aliyekuuzia programu mara nyingi siye. Kuna Sentinel HASP, kuna CodeMeter ya Wibu-Systems, na draiva ya huyu haisomi ufunguo wa yule. HASP inachanganya zaidi kwa sababu imepita mikono mingi, ilikuwa ya Aladdin, ikaenda SafeNet, ikaenda Gemalto, na tangu 2019 iko chini ya Thales, kwa hiyo ukikuta jina kwenye ufunguo ni tofauti na jina kwenye tovuti usishtuke. Piga picha maandishi yote yaliyo juu yake uhifadhi. Halafu ufunguo wenyewe utunze kama pesa, kwani leseni iko mle ndani, ukipotea huenda ukalazimika kununua programu upya.

Kabla ya kuinstoli chochote funga programu zote zinazotumia leseni, tengeneza restore point (alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika), kisha CHOMOA ufunguo. Hili la kuchomoa watu wanalidharau sana. Ya zamani itoe kwanza ndo uweke mpya. Kwa HASP kuna faili la haspdinst, unafungua dirisha la amri kama administreta, unaandika haspdinst -r kuondoa, unarestati, halafu haspdinst -i kuweka. Nasema restati, sio kuzima na kuwasha, kwa sababu Windows ikiwa na Fast Startup ukiizima haizimiki kabisa, draiva za zamani zinabaki kwenye kumbukumbu. Ikimaliza ndo uchomeke ufunguo.

Sasa unajuaje shida iko wapi? Kwa HASP fungua brauza kwenye kompyuta hiyohiyo uandike localhost:1947. Ukurasa ukikataa kufunguka, ile huduma ya License Manager haifanyi kazi au kuna kitu kimeizuia, nenda kwenye Services uiwashe na uangalie antivirusi. Ukurasa ukifunguka lakini ufunguo haumo kwenye orodha, hapo angalia tundu la USB, draiva, au ufunguo wenyewe. Na ukiuona umo kwenye orodha ila programu bado inalalamika, acha kuhangaika na draiva, mara nyingi shida iko kwenye leseni, labda muda umeisha au toleo jipya la programu linahitaji ufunguo uapdetiwe. Wa CodeMeter wao wanaangalia kwenye CodeMeter Control Center. Ule ukurasa wa localhost:1947 ungenisaidia sana mwanzoni, niliwahi kukaa nusu siku naondoa draiva naweka, naondoa naweka, taa ya ufunguo inawaka sekunde kadhaa inazima, kumbe ni ile hub ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu, haitoi umeme wa kutosha. Nilipochomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ikakubali palepale.

Kwa Windows 11 angalia pia Memory integrity, iko ndani ya Core isolation kwenye Windows Security. Inakataa draiva za zamani kama hardlock.sys, na wengi wanakimbilia kuizima. Mimi siungi mkono, ule ni ulinzi wa kompyuta yako nzima, tafuta draiva mpya kwanza.

Funguo zinazotumika kwa mtandao, hakikisha faiawoli ya seva imeruhusu poti 1947 kwa HASP, 22350 kwa CodeMeter. Na kama unaingia kwenye kompyuta ukiwa mbali kwa Remote Desktop, baadhi ya funguo zimewekwa zisikubali kabisa hata kila kitu kikiwa sawa, kwa hiyo kabla hujafuta draiva yoyote nenda ukae mbele ya kompyuta yenyewe ujaribu.