Kuitafutia kahawa ya Elgon makao kwa kompyuta

Niko Mbale, na swali langu ni moja: joto likizidi kupanda, kahawa ya arabika itastawi wapi kwenye Mlima Elgon?

Nalitafutia jibu kwa modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayojifunza kahawa inastawi kwenye hali gani ya hewa, kisha kutafuta hali hiyo kwenye ramani.

Anza shambani. Beba simu yenye GPS, uandike latitudo na longitudo za kila shamba. Usiishie kando ya barabara. Mimi mara ya kwanza niliishia huko, modeli ikajifunza barabara badala ya hali ya hewa. Ikabidi nipande mlima upya.

Kisha pakua ramani za hali ya hewa za WorldClim, ni bure: wastani wa 1970 hadi 2000, vigezo 19 vya joto na mvua. Usitie vyote, vingi vinasema jambo lilelile. Chagua vinne au vitano unavyoweza kumweleza mkulima. Kila mraba wa ramani ni kama kilomita 1, na hapa ndipo mlima unapodanganya: joto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, basi mraba mmoja wenye mteremko mkali huficha mengi. Nukta mbili, yaani mashamba mawili uliyoyaandika, zikiangukia mraba mmoja, bakisha moja.

Endesha MaxEnt, programu inayounda modeli hiyo, ukitenga robo ya nukta za kuijaribu. Halafu ipe hali ya hewa ya baadaye kutoka modeli kadhaa zinazokadiria hali ya hewa ya dunia, maana kuhusu mvua yetu hazikubaliani.

Ramani ikitoka, irudishe kwa wakulima. MaxEnt haijui kivuli cha migomba, wao wanakijua.