Somo: Riwaya ya watoto yenye maajabu, mabinti wa kambo chini ya chandarua kimoja

Karibuni tena barazani. Leo tunaandikia watoto wa miaka 9 hadi 12. Mabinti wawili, mama wa mmoja kaolewa na baba wa mwingine. Nyumba nimeiweka Ngamiani, Tanga.

Hatua ya 1: Anza na kitu wanachogombania. Zuena kazaliwa nyumba ile. Mwanaidi kaja na begi lake, kamfuata mama yake. Kitanda kimoja, chandarua kimoja. Nani alale ukutani? Nani achomeke chandarua? Ugomvi huo upe kurasa mbili nzima. Msomaji awe keshachukua upande kabla hajaona ajabu lolote.

Hatua ya 2: Lichunge neno "kambo". Kwetu pwani watoto wa nyumba moja huitana ndugu, na mke mpya wa baba ni mama mdogo. "Kambo" humtoka mtu akikasirika. Mimi ningelitumia mara moja tu kitabu kizima, limponyoke Zuena usiku, taa imezimwa.

Hatua ya 3: Ajabu litoke kwenye kitu kile kile. Hapa msiwe na haraka. Baba yake Zuena ni mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa wa baharini. Mwaka 1938 samaki aitwaye silikanti alinaswa Afrika Kusini, wataalamu wakiwa wameshaamini alitoweka pamoja na dinosaria. Miaka ya 2000 majarife ya wavuvi wetu yakaanza kumnasa huku Tanga, hadi ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mchana hujificha kwenye mapango ya kilindini. Sasa tazameni: jarife baharini, chandarua kitandani! Mabinti wakichomeka pembe nne, kila mmoja mbili, ndani hujaa maji wanayoyavuta kama hewa, na silikanti akapita taratibu juu ya mito yao. Akichomeka mmoja peke yake, ni chandarua tu. Hiyo ndiyo kanuni. Usiivunje hata ukikwama sura ya 10.

Hatua ya 4: Wakubwa wakosee bila ukatili. Mama wa kambo mkatili tumemsikia tangu enzi za "hadithi njoo", na naamini amewaumiza kina mama wengi wema. Huyu wetu kapanga jiko upya, kaihamisha mbuzi ya kukunia nazi, hajui kwamba marehemu mama yake Zuena ndiye aliyeiweka pale. Zuena anaona pale mahali patupu. Inatosha.

Hatua ya 5: Kila sura isome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, futa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Naruhusiwa kuyaita haya uchawi?
Jibu: Marahaba. Usiyaite. Kwetu uchawi ni kumdhuru mtu, na mzazi akiliona neno hilo kwenye jalada atakirudisha kitabu rafuni. Sema maajabu.

Swali: Silikanti alidhaniwa kafa kumbe yu hai. Basi si amrudishe mama yake Zuena?
Jibu: Hapana, na hapa nawasihi. Yupo mtoto aliyefiwa atakayekisoma kitabu hiki, naye atakaa macho kitandani kwake akisubiri. Samaki alidhaniwa tu, mama alizikwa. Zuena amuulize silikanti, samaki anyamaze, na atakayejibu awe Mwanaidi, kutoka upande wa pili wa kitanda: "Alikuwa anakuimbia nini?"

Swali: Na Mwanaidi, yeye amepoteza nini?
Jibu: Swali zuri, nilimsahau. Baba yake yu hai, anaishi Pangani, na simu zake zimepungua. Mpe sura yake mwenyewe, mapema.

Swali: Mwishoni wapendane?
Jibu: Msiwalazimishe. Ningewaacha bado wanagombania upande wa ukutani, ila Zuena keshachomeka pembe zake mbili, na ameunyanyua upande wa Mwanaidi ili aingie.