Kuandika shairi la dhoruba ya moyo

Kwanza amua dhoruba ni nini: deni, msiba au mapenzi? Chagua moja tu. Kisha gawa sehemu zake: chombo ni wewe, tanga ni tamaa, nanga ni kile kinachokushika usipotee. Usimlundikie msomaji bahari, moto na jangwa katika ubeti mmoja, picha huuana.

Tumia tarbia, yaani shairi lenye mishororo (mistari) minne katika kila ubeti, kila mmoja mizani (silabi) 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, nusu ya pili. Mfano: “Tufani imenijia, tanga langu lapasuka.” Ukiandika “limepasuka”, utao unafika mizani tisa na mdundo unakwama. Hesabu kwa vidole huku ukisema kwa sauti, na kumbuka kwamba m ya “mtu” ni mizani kamili.

Kosa kubwa ni kuanza na radi. Ubeti wa kwanza uwe na ukimya, wingu dogo, upepo uliogeuka ghafla. Hofu hukua hapo. Tena, usitaje “huzuni” wala “mapenzi” kabla ya ubeti wa tatu. Acha kamba zilie kwanza.

Mwishoni si lazima bahari itulie. Chombo kinachoendelea kukomba maji kinatosha.