Saa Ndefu za Kale za Uingereza: Kujua Asili Yake na Kuifanya Itembee

Jina lililoandikwa usoni mwa saa ndefu, yaani saa ya pendulamu inayosimama sakafuni ndani ya sanduku refu la mbao, ndilo ambalo macho hulikimbilia, na mara nyingi ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18, fundi wa mji mdogo wa Uingereza angeweza kununua uso uliokwisha kupakwa rangi kutoka Birmingham na magurudumu kutoka Lancashire, akaagiza sanduku kwa seremala wa jirani, kisha akaandikisha jina lake na la mji wake. Saa hiyo ni halali kabisa. Ila jina linakuambia nani aliiuza na wapi. Mengine utayapata nyuma ya uso, kwa hiyo anzia huko.

Chukua tochi, rula, kioo kidogo cha mkononi na glavu za pamba. Saa ikiwa inatembea, fungua mlango wa kifuani, ng'oa vipande vya uzito kwanza, halafu pendulamu. Usibadilishe mpangilio huu, wala usithubutu kuisogeza saa pendulamu ikiwa bado inaning'inia: imeshikwa na springi nyembamba mno, nayo hukunjika kwa mtikisiko mmoja. Kisha vuta kofia, yaani sehemu ya juu yenye kioo, ije mbele taratibu kwenye reli zake. Baadhi ya kofia za kabla ya mwaka 1700 hazivutwi, hupandishwa juu. Ikigoma kuja mbele, usilazimishe.

Sasa tazama ubao ambao mashine imekalia. Unapaswa kulala moja kwa moja juu ya mbao mbili za pembeni za sanduku. Ukiona vipande vipya vya mbao vimeongezwa chini yake ili kuuinua, au ncha za mbao za pembeni zimekatwa kwa msumeno na jeraha bado lina rangi changa, mashine hiyo haikuzaliwa ndani ya sanduku hilo. Ubao wenyewe ukiwa mpya si kosa, maana huliwa na wadudu na kupasuka. Dalili mbaya ni ule wa kale wenye matundu yaliyozibwa, kwa kuwa uliwahi kubeba mashine nyingine.

Shusha tochi hadi ubao wa nyuma wa sanduku, usawa wa kisahani cha pendulamu, yaani uzito wa duara ulio mwisho wake wa chini. Pendulamu ikigusa mbao, huacha mkwaruzo wenye umbo la upinde. Mkwaruzo mmoja unaolingana na mahali kisahani kilipo leo ni habari njema. Miwili iliyoachana sentimita tano au kumi, mmoja juu ya mwingine, inataka maelezo. Mwisho, rudisha kofia na uangalie fremu yake inavyouzunguka uso. Ikifunika sehemu ya namba, au ikiacha pengo unaloweza kuona mashine kupitia kwake, rudi kwenye ubao ule ukaukague upya.

Nyuso ziko za aina mbili. Za mwanzo ni za shaba ya manjano, zenye pete ya namba iliyopakwa fedha na mapambo ya kuyeyushwa kwenye kona nne. Saa za pendulamu zilianza kutangazwa London mwaka 1658 na Ahasuerus Fromanteel, miaka miwili tu baada ya Christiaan Huygens kubuni pendulamu ya saa. Nyuso za wakati huo zilikuwa ndogo, inchi 10 au chini ya hapo; baadaye zikafika 11, na tangu 1700 hivi kipimo cha kawaida London kikawa inchi 12. Kaskazini ziliendelea kukua hadi 13 na 14. Tao la nusu duara juu ya uso lilizoeleka baada ya 1715 hivi. Jina nalo lilihama: kwanza lilichongwa ukingoni chini ya uso, baadaye kwenye pete ya namba, halafu kwenye kisahani ndani ya tao. Pitisha kidole juu ya jina. Ukihisi bonde, kuna jina lililosuguliwa likaandikwa jingine, na hilo jipya kwa kawaida ni la mtu maarufu wa London.

Nyuso za pili ni za chuma kilichopakwa rangi nyeupe. Osborne na Wilson wa Birmingham walizitangaza mwaka 1772, wakatengana 1777, kila mmoja akaendelea peke yake. Hapo ndipo kioo chako cha mkononi kinapolipa: kati ya uso na mashine mara nyingi kuna bamba la chuma cha kusubu lililogongwa jina la mtengenezaji wa uso. Bamba lenye majina yote mawili, Osborne na Wilson, linakubana kwenye ile miaka mitano. Wilson peke yake ni kati ya 1777 na 1809, mwaka aliofariki. Kumbuka kwamba hilo si jina la fundi wa saa. Faida nyingine ya bamba hilo ni kwamba miguu ya uso ilichomekwa humo, na bamba likachomekwa kwenye mashine, hivyo hapakuwa na sababu ya kutoboa matundu mapya. Ukikuta matundu matupu mbele ya mashine, kuna uso mwingine uliowahi kukaa hapo.

Mishale husaidia pia, ingawa huvunjika na kubadilishwa. Hadi kuelekea 1790 mshale wa dakika na wa saa ilitofautiana umbo. Baada ya hapo ikafanana, kwanza ya chuma, halafu ya shaba. Mshale mmoja tu usikushangaze: saa za vijijini ziliendelea kutengenezwa hivyo muda mrefu katika karne ya 18. Hesabu vijistari kati ya namba mbili. Vikigawa nafasi hiyo mara nne (robo saa) badala ya tano, uso uliundwa kwa mshale mmoja, na huo wa dakika umeongezwa na mtu.

Kuhusu maeneo, sanduku huzungumza kabla ya mashine. London ilipenda masanduku membamba, ya mjozi katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 na ya mahogani baadaye. Vijijini ni mwaloni, au msonobari uliopakwa rangi; msonobari uliokwanguliwa hadi mbao tupu ni mtindo wa karne ya 20, si wa fundi. Liverpool ilikuwa bandari iliyopokea mahogani, na masanduku ya Lancashire yanaonyesha: mapana, mazito, yenye nguzo na mapambo mengi. Yorkshire ya miaka ya 1820 hadi 1850 ilipanua zaidi, mpaka wengine wakaona imekosa uwiano. Sioni haya kusema ni mazito kwa macho, ingawa mashine zake ni imara.

Kwenye uso pia kuna alama za mahali. Mwezi unaoonekana kupitia tundu la duara chini ya namba 12, badala ya kuwa ndani ya tao, unahusishwa na Halifax, ambako Thomas Lister na Thomas Ogden walifanya kazi. Pete inayoonyesha saa ya maji kujaa kwenye gati ya Bristol inajieleza. Uso wa shaba wenye michoro ya pete na mistari ya kwenda upogo katikati unakupeleka kaskazini mwa Oxfordshire, kwa mafundi wa Kikweka (dhehebu la Kikristo) kama ukoo wa Gilkes; nyingi za mashine zao zilitundikwa ukutani bila sanduku, kwa hiyo sanduku kuwa la baadaye huko si hila. Jonas Barber wa Winster, Westmorland, na Will Snow wa Yorkshire walizipa saa zao namba za mfululizo, jambo la nadra mashambani, na namba hiyo ni msaada mkubwa kuliko jina. Na huko Barrow upon Humber, Lincolnshire, John Harrison, ambaye baadaye alitatua suala la longitudo baharini, alitengeneza saa ndefu yenye magurudumu ya mbao mwaka 1713.

Tuseme umeridhika na umeileta ndani. Kwanza jua ni ya aina gani. Matundu mawili ya ufunguo usoni ni saa ya siku nane: ina vipande viwili vya uzito, kila kimoja kati ya kilo 5.4 na 6.4 hivi, tundu la kulia likiwa la kutembea na la kushoto la kugonga. Uso usio na tundu, ukiwa na mnyororo au kamba ndani, ni saa ya saa 30; ina kipande kimoja na huvutwa kila siku. Jihadhari na matundu ya kuchora, yaliyowekwa ili saa ya saa 30 ionekane ya bei.

Sanduku lifungwe ukutani kwa skurubu kupitia ubao wa nyuma. Matundu ya kale huwa yapo, tumia hayo hayo. Kwa kuwa ukingo wa chini wa ukuta husukuma sanduku mbele, weka kipande cha mbao chenye unene uleule juu, ili sanduku lisimame wima kwa timazi. Watu hupuuza hatua hii, kisha hulalamika kwamba saa husimama kila wiki siku ileile. Sababu ni hii: pendulamu ya sekunde moja ina urefu wa milimita 994 hivi, na vipande vya uzito vinaposhuka, kamba zake hufikia urefu unaokaribiana na huo. Sanduku lisilofungwa hutikisika kidogo, vipande vinaanza kuyumba pamoja na pendulamu, vinaiba nguvu yake, saa inanyamaza. Fungua mashine yote, safisha, badilisha magurudumu, haitasaidia. Skurubu mbili zitasaidia.

Weka mashine na ubao wake. Hakikisha kila kamba imelala kwenye mifereji ya ngoma yake bila kupandana, na kapi likae chini ya ubao. Ingiza pendulamu kutoka chini: pitisha ufito wake kwenye uma wa nyuma, yaani kikono cha mashine kinachoisukuma pendulamu, inua, telezesha springi kwenye mwanya wake juu, achia polepole. Ndipo utundike uzito.

Sukuma pendulamu kidogo, usikilize. Tik na tak zinapaswa kuachana kwa muda sawa. Zikichechemea, tik-tak, kimya, tik-tak, nanga, yaani kipande kinachoachia gurudumu jino moja moja, inakamata meno upande mmoja mapema kuliko mwingine, na saa itasimama baada ya dakika chache. Usiinamishe sanduku kutibu hilo, kwa sababu uma ndio unaopindwa. Shika shina lake kwa mkono mmoja karibu na juu ili usiuvunje, pinda kidogo sana kwa mkono wa pili kuelekea upande ambao mlio husikika mapema, kabla pendulamu haijaenda mbali, kisha sikiliza tena. Ukizidi kuchechemea, umepinda upande usio wake, rudisha.

Kuongeza au kupunguza kasi ni kazi ya nati iliyo chini ya kisahani. Ukipandisha kisahani saa inawahi, ukishusha inachelewa. Milimita moja ni sekunde 43 hivi kwa siku, kwa hiyo zungusha nusu mzunguko, subiri saa 24, ndipo uamue. Joto nalo lina sehemu yake: ufito wa chuma hurefuka, na nyuzi 10 za Selsiasi huichelewesha saa sekunde tano hivi kwa siku. Usifukuzane na kila badiliko la majira.

Ngoma ya saa ya siku nane ina mizunguko 16, kila mmoja saa 12. Ukijaza kila wiki siku ileile utazungusha mara 14. Hesabu, na uache kabla kapi halijagonga ubao, maana ukilivutia kwenye mbao kamba hukatika na kipande cha kilo sita hutoboa sakafu ya sanduku.

Mishale isogezwe mbele tu, ukisubiri saa imalize kugonga kila mara. Saa zenye gurudumu la kuhesabu, hasa za saa 30, zikipoteza hesabu zitagonga mara 4 kwenye namba 3: inua kikono cha kufungia nyuma ya mashine, acha igonge, rudia mpaka idadi ya milio ilingane na namba. Zile zenye reki (kipande chenye meno kinachopima idadi ya milio), mfumo wa Edward Barlow wa 1676, hazipotezi hesabu, lakini zina ugonjwa wake. Uzito wa kugonga ukiisha na ule wa kutembea bado una nguvu, reki huanguka isiweze kukusanywa, na mkia wake hukwama kwenye ngazi kubwa ya kisahani chenye ngazi 12. Saa husimama kati ya 12 na 1, na mtu huita fundi wa kuifungua yote. Jaza uzito wa kushoto, kisha inua reki kwa kidole mpaka ijifunge mahali pake na mkia uachie ngazi, kabla hujagusa kitu kingine.

Mafuta ni ya saa pekee, tone dogo kwenye kila ncha ya ekseli na kwenye nyuso za nanga; meno ya magurudumu hubaki makavu, la sivyo vumbi hugeuka msasa. Pete iliyopakwa fedha isisuguliwe na dawa ya shaba, kwa kuwa tabaka hilo ni jembamba na huondoka lote kwa usafi mmoja. Uso uliopakwa rangi usipanguswe hata kwa kitambaa chenye maji: namba na jina huchorwa juu ya rangi nyeupe kwa wino mwembamba, nao hutoka pamoja na uchafu.