Kufuatilia ukoo wa wakulima Waswisi wa Pennsylvania, kuanzia Lancaster hadi kijijini kwao

Watu huniletea jina moja, tuseme Hoover, wakitaka niwafikishe Uswisi siku hiyo hiyo. Haiendi hivyo. Nasaba hufuatwa kinyumenyume, na bahari huvukwa mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Sensa. Fungua akaunti ya bure FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba, uanze na sensa ya Marekani ya 1850. Ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru katika kaya, umri wake na alikozaliwa. Zile za 1790 hadi 1840 zinataja mkuu wa kaya tu. Wengine ni tarakimu.

Hatua ya 2: Wosia na hati za ardhi. Hapa usiwe na haraka. Waswisi wa kwanza kulowea Lancaster, kaunti ya Pennsylvania, mwaka 1710, walikuwa Wamennonite, Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, na ni Wamennonite wa Lancaster hao hao waliotuma wamisionari Shirati, Mara, Tanzania, mwaka 1934. Kwa hiyo rejista yao ya ubatizo wa watoto usiitafute huku Pennsylvania. Tafuta shamba. Hati ya mauzo isome mpaka mstari wa mwisho, maana mara nyingi inaeleza muuzaji alilipataje: alirithi kwa baba yake fulani, na ndugu zake, wakiwemo dada na waume zao, wakamwachia mafungu yao. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unakupa kizazi kizima. Majirani na mashahidi nao waandike, kwa sababu watu hawa walihama kwa makundi na kuoana wao kwa wao. Kaunti ya Lancaster ilimegwa kutoka Chester mwaka 1729. Karatasi za kabla ya hapo zitafute Chester.

Hatua ya 3: Majina. Makarani waliandika walivyosikia. Huber akawa Hoover, Müller akawa Miller, na Zimmermann wengine, yaani seremala, wakatafsiriwa kuwa Carpenter. Ukikuta ndugu watatu wote ni Johann, usidhani karani alikuwa amelewa: Johann Jakob nyumbani aliitwa Jakob, Johann Heinrich aliitwa Heinrich.

Hatua ya 4: Meli. Tangu 1727, wanaume wageni walioshuka Philadelphia walitakiwa kutoa kiapo au ahadi ya utii, na orodha zao zipo. Kama babu huyo alitia sahihi kwa mkono wake, ilinganishe na ile ya kwenye wosia. Akiitwa Mpalatine, usikate tamaa: familia nyingi za Kiswisi zilikaa kwanza Palatinate, Ujerumani, baada ya vita vilivyoisha 1648.

Hatua ya 5: Uswisi. Sasa vuka. Mswisi huandikwa raia wa kijiji cha ukoo wake, Heimatort, hata kama amezaliwa kwingine. Kijue hicho kwanza, kisha uingie kwenye vitabu vya kanisa. Vya jimbo la Bern viko mtandaoni. Ukimpata Hans wako kwenye ubatizo, pitia na maziko ya parokia ileile. Kama alizikwa akiwa na miaka miwili, huyo siye. Tafuta Hans mwingine.