Somo: Namna ya kulitafuta na kulisoma jalada la mirathi mahakamani

Wengi wanaofuatilia historia ya ukoo wakisikia kwamba marehemu hakuacha wosia, hukata tamaa hapo hapo. Somo hili nimeliandika kwa ajili yao hasa. Wosia ni karatasi moja tu ndani ya jalada la mirathi. Aliyekufa bila wosia naye, iwapo aliacha mali, madeni au watoto wadogo, huenda ana jalada lake, na mara nyingine ni nene kuliko la mwenye wosia, kwa kuwa mahakama ililazimika kuuliza warithi ni akina nani na kila mmoja anahusianaje na marehemu.

Hatua ya 1: Uliza aliishi wapi

Kwa kawaida mirathi hufunguliwa katika mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu, hata kama mauti yalimkuta kwingine. Abraham Lincoln aliuawa Washington mwezi Aprili 1865, naye hakuwa na wosia. Mirathi yake ilifunguliwa katika kaunti ya Sangamon, Illinois, yaani Springfield alikokuwa na nyumba. Rafiki yake David Davis, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ndiye aliyekuwa msimamizi, na mali ikagawanywa mafungu matatu: mjane Mary, na wanawe Robert na Tad. Mtu anayeongozwa na mahali pa kifo peke yake angeanzia mji mwingine kabisa.

Kama marehemu alikuwa na ardhi katika eneo la mahakama nyingine, huenda kuna jalada la pili huko. Litafute pia, maana mara nyingine lina nakala za karatasi zilizopotea kwenye lile la kwanza.

Hatua ya 2: Ijue mahakama yenyewe kwa jina lake

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi, kwa sababu kila nchi ina mpangilio wake. Uingereza na Wales, kabla ya tarehe 12 Januari 1858, wosia zilithibitishwa na mahakama za kanisa. Kuanzia siku hiyo kazi ikahamia serikalini, na kuna orodha moja ya kitaifa kwa kila mwaka. Marekani kazi ni ya kila kaunti, na majina yanatofautiana: New York ni Surrogate's Court, Pennsylvania ni Orphans' Court, jina linalowafanya wengi wadhani ni mahakama ya yatima tu. Tanzania Bara, mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo; Kenya, Waislamu wanaweza kupeleka mirathi yao Mahakama ya Kadhi. Afrika Kusini majalada yako kwa afisa aitwaye Master of the High Court.

Angalia pia mipaka ya wakati ule. Kaunti au wilaya ikigawanywa, kumbukumbu za zamani kwa kawaida hubaki kule zilikofunguliwa.

Hatua ya 3: Anza na rejista

Usiende masijala kuomba "jalada la babu". Karani analitafuta jalada kwa namba ya shauri na mwaka, na vyote viwili viko kwenye rejista au faharasa. Tafuta kuanzia mwaka wa kifo, kisha songa mbele mwaka baada ya mwaka. William Shakespeare alifariki tarehe 23 Aprili 1616 na wosia wake ukathibitishwa tarehe 22 Juni mwaka huo huo, lakini usitegemee haraka ya namna hiyo. Familia nyingi hufungua mirathi siku zinapotaka kuuza kiwanja au kutoa fedha benki, na hiyo inaweza kuwa miaka mingi baada ya mazishi.

Jina litafute kwa kila namna linavyoweza kuandikwa: la ukoo likitangulia, la ubatizo, la utani lililozoeleka, na tahajia ya karani aliyesikia vibaya. Kwa mwanamke aliyeolewa, tafuta majina yote mawili.

Njia ya mkato ipo mahali ambapo maombi ya mirathi hutangazwa. Gazeti la Serikali la Kenya huchapisha matangazo hayo yakiwa na jina la marehemu, tarehe na mahali pa kifo, jina la mwombaji, na namba ya shauri, na matoleo yake mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni. Ukipata tangazo, rejista umeshaivuka.

Hatua ya 4: Omba kwa maandishi

Barua iwe fupi: jina la marehemu, mwaka, namba ya shauri, unachotaka (kusoma tu au kupewa nakala), na uhusiano wako naye. Kama nakala unaipeleka kwenye ofisi nyingine, omba iliyothibitishwa kwa mhuri. Kwa utafiti wa ukoo, nakala ya kawaida inatosha. Lipa ada, dai risiti. Majalada ya zamani sana huenda yamehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya taifa au ya jimbo, kwa hiyo ukiambiwa "hayapo hapa", uliza yalipelekwa wapi na lini.

Hatua ya 5: Lisome lote

Naomba hili lizingatiwe kuliko mengine yote. Watu hupiga picha ya wosia na kuondoka. Ombi la kufungua mirathi ndilo linaloorodhesha warithi, mara nyingi pamoja na umri na makazi yao, wakiwemo watoto ambao wosia haukuwataja. Hati ya dhamana ina majina ya wadhamini, na wadhamini aghalabu ni shemeji, wajomba au majirani wa karibu: fuatilia majina hayo. Hesabu za msimamizi zinaonyesha nani alilipwa, lini, na kwa nini. Humo nimeona gharama za mazishi, ada za shule na madeni ya dukani.

Halafu kuna orodha ya mali. Ukiisoma taratibu unaiona nyumba yenyewe: vitanda vingapi, zana gani za kazi, vitabu vipi, mifugo mingapi. Cheti cha kifo hakikuambii kwamba bibi alikuwa na cherehani na kwamba kulikuwa na mtu anamdai. Na kama kuna pingamizi, soma kila ukurasa wa ushahidi, maana ndugu wanaogombana mahakamani hueleza historia ya ukoo kwa undani ambao hawangeusema mezani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Masijala wameniambia jengo la zamani liliungua na majalada yote. Ndiyo basi?

Marahaba, mwanangu. Bado usikate tamaa. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Ireland, ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts, Dublin, iliungua na karibu wosia zote za asili zikateketea. Hata hivyo orodha za kila mwaka za kuanzia 1858 zilisalimika, na ofisi za wilaya nje ya Dublin zilikuwa na vitabu vya nakala. Kwa hiyo uliza kuhusu rejista, vitabu vya nakala, rufaa zilizokwenda mahakama ya juu, na ofisi ya ardhi, kwa sababu mara nyingi ardhi haihamishwi kwa mrithi bila hati ya usimamizi kuonyeshwa.

Swali: Mimi si ndugu wa damu, naandika historia ya kijiji. Wanaweza kunikatalia?

Inategemea nchi na umri wa jalada. Uingereza na Wales, wosia ukishathibitishwa yeyote anaweza kuomba nakala. Kwingine utatakiwa ueleze sababu. Majalada ya ulezi wa watoto na yale yenye watu walio hai hufungwa zaidi, na ni haki yao. Barua ya utambulisho kutoka taasisi au uongozi wa kijiji husaidia sana.

Swali: Babu alikuwa kibarua, hakuwa na kiwanja. Kuna haja ya kutafuta?

Ndiyo, ndugu yangu. Mishahara iliyobaki, akiba ya benki au fidia ya kazini vinaweza kuhitaji msimamizi. Na kama hana jalada lake, tazama majalada ya waajiri wake na majirani wa miaka ile. Anaweza kuwemo kama mdai, mdaiwa au shahidi.

Swali: Nina nakala ya wosia wa 1690 kutoka Uingereza. Wosia nausoma, ila aya ya mwisho siielewi hata neno.

Hiyo ni Kilatini. Aya ya uthibitisho, yaani ile inayosema mahakama imeukubali wosia, iliandikwa hivyo hadi 1733, na maneno yake karibu hayabadiliki. Chukua ya 1734 au baada, iliyoandikwa kwa Kiingereza, uiweke kando ya yako. Unachohitaji ni tarehe na jina la aliyekabidhiwa usimamizi.

Swali: Nimetafuta jina kwenye FamilySearch, ile tovuti ya kumbukumbu za ukoo, hakuna. Nihesabu kwamba hayupo?

Hapana, dada. Vitabu vingi vya kaunti za Marekani viko pale kama picha tu, na jina halitaonekana kwenye utafutaji wa kawaida. Ingia kwenye katalogi, chagua kaunti, fungua sehemu ya mirathi, kisha tafuta kitabu cha faharasa. Mara nyingi kiko mwanzoni mwa juzuu au ni juzuu ya peke yake. Ukipata jina, chukua namba ya kitabu na ukurasa, ndipo ufungue juzuu husika. Picha nyingine hufunguka kwenye vituo vyao au maktaba shirikishi tu, kwa hiyo picha ikikataa kufunguka, uliza kituo kilicho karibu nawe.